Mkono Ulioachwa Hewani

Mdogo wangu Optatus alizaliwa na usingizi wa macho wazi. Unamtuma chumvi dukani, anarudi na kiberiti, na ukimuuliza chumvi iko wapi anakutazama kama mtu uliyemwamsha. Mimi ni Veridiana, dada yake mkubwa. Nauza mihogo mikavu na kunde sokoni Newala, na watu wanaoota mchana hunikera. Nasema mapema ili msije mkadhani anayesimulia ni shabiki wa sataranji. Mimi nilitaka mama yangu alale tu.

Optatus anasimamia bomba la kuchotea maji mtaani kwetu. Newala maji hayana adabu, huja siku yanapotaka, kwa hiyo wanawake huleta ndoo alfajiri, wakazipanga mstari, wakarudi zao majumbani. Ndoo husimama foleni kwa niaba ya wenyewe. Asubuhi ukungu hupanda kutoka bonde la Ruvuma, unapita korongo la Shimo la Mungu, unaingia mitaani polepole, na katika ukungu ule utamkuta ndugu yangu amekaa kwenye kigoda, amezikodolea ndoo macho, kidole chake kinatembea hewani. Siku moja alijisahau kabisa. Alinyanyuka, akaichukua ndoo nyekundu ya jirani yetu, akaipeleka mbele mbili na pembeni moja, kama farasi wa sataranji anavyoruka. Halafu akaitoa ndoo ya mtu mwingine iliyokuwa pale, akaiweka kando, imeliwa. Wenye ndoo walipokuja walimchamba mpaka ukungu ukaisha.

Sataranji alifundishwa na mjomba Anselmo, kaka yake mama, aliyekuwa na mikorosho yake Mnyambe. Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, ni ubao wa vyumba vyeusi na vyeupe. Kila mtu ana jeshi lake, na kila mmoja anamwinda mfalme wa mwenzake. Ikionekana hakuna wa kumpata mwenziwe, ni sare, mnapeana mikono mnakwenda kula. Mjomba aliujifunza akiwa mwanafunzi Chidya, yeye na rafiki yake Nurdini, mtoto wa wafanyabiashara wa Masasi. Kete zao za kwanza zilikuwa magunzi ya mahindi, na mfalme alikuwa gunzi lililobaki na punje chache kichwani.

Urafiki wao haukukatika. Mjomba alirudi kwenye mikorosho, Nurdini akafungua duka la vipuri vya baiskeli Masasi, na kila mwezi mmoja alipanda au mwingine akashuka ili wakae ubaoni. Mashindano yalipoanza kufanyika huku kwetu, wote wawili waliandikishwa, wakapata zile pointi za kimataifa ambazo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuziona. Mjomba alijivunia pointi zile kuliko korosho. Akifika kupeleka mazao ghalani, kabla hajaulizwa hali ya shamba, tayari ameshamwonyesha mtu simu.

Tena walikuwa watani. Mjomba Mmakonde, Nurdini Myao, na kwetu huo si mzaha mdogo. Mtani anaweza kuingia jikoni kwako akabeba nyama chunguni, ukacheka. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, ukacheka. Kitu ambacho mtani hana ruhusa nacho ni kununa. Na mtu akifa, mtani ndiye anayeumaliza msiba. Yeye huigiza mwendo wa marehemu, hulala kaburini akawazuia watu wasizike mpaka akombolewe kwa kuku au kitenge, huwachekesha wafiwa palepale machozi yanapowatoka. Bila mtani, msiba kwetu ni kama ugali uliotolewa jikoni haujaiva. Watu watakula, lakini tumbo litajua.

Sasa sikilizeni upumbavu wa wazee wawili.

Miaka kadhaa iliyopita kulikuwa na mashindano hapa Newala. Mjomba na Nurdini walikutana raundi ya mwisho, wakacheza mpaka kete zikabaki chache na kila mtu ukumbini akaona kwamba hapa hakuna mshindi. Nurdini akanyoosha mkono juu ya ubao, akasema, "Sare, mtani wangu." Mjomba akautazama ule mkono. Akauacha hewani. Akasogeza kete yake kana kwamba pale hakuna mkono wa mtu. Nurdini aliurudisha taratibu, watu wanamwangalia, na kwa ile aibu akakosea, akafungwa. Alipoinuka alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Anselmo, mkono wangu huupati tena mpaka uuombe wewe." Mjomba akacheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Nurdini alinuna, mtani akanuna, kitu ambacho mimi sikuwahi kukisikia popote, na mjomba naye alipogundua kwamba mwenzake amenuna kweli, akanuna kwa kuwa amenuniwa. Hawakukaa tena ubao mmoja.

Halafu mjomba akafa. Alikuwa akipalilia, akakaa chini ya mkorosho apumzike, hakuinuka.

Siku ya kuzika Nurdini alikuja. Sote tulimwona akishuka kwenye pikipiki na kofia yake nyeupe, na mama yangu akashusha pumzi, akasema, "Sasa kaka yangu atazikwa." Tukangoja aruke kaburini. Tukangoja atukane. Yule mzee alisimama nyuma ya watu wote, mikono mgongoni, kimya kama mgeni aliyepotea njia. Udongo ukarudishwa. Hakuna aliyecheka. Nurdini akapanda pikipiki akaondoka, na mama akabaki amesimama pale mpaka nilipomshika mkono.

Tangu siku ile mama hakulala. Simaanishi kwamba alilala vibaya. Alikuwa anajilaza, anafumba macho, halafu anayafumbua. Alikonda. Mchana alikaa kibarazani macho mekundu, na ukimsemesha anajibu kitu kingine. Zahanati walimpa vidonge, havikumsaidia. "Kaka yangu hajalala," alikuwa akisema, "na mimi nitalalaje?" Nyumba yetu ikawa na waotaji wawili, mmoja kwa kupenda na mwingine kwa kuteseka, na mimi katikati yao napika.

Siku ya arobaini jina la mjomba lilirithishwa. Kwetu jina la marehemu halizikwi naye, anapewa mtu wa upande wa mama, na kwa kuwa mjomba hakuwa na mpwa wa kiume ila Optatus, hapakuwa na mjadala. Walimkalisha mkekani, wakamvika koti la mjomba, lile la kahawia lenye kiraka kiwikoni, wakampaka unga wa mtama kwenye paji la uso. Mzee wa ukoo akatangaza, "Huyu ndiye Anselmo." Tangu hapo watoto wa mjomba wakaanza kumwita baba, mama akaanza kumwita kaka, na majirani wakimpita pale bombani wanamwambia, "Habari za Mnyambe, Anselmo?"

Optatus hakuitika. Kesho yake alilitundika koti msumarini na hakuligusa tena. Ukimwita Anselmo anakutazama kwa upole, kisha anageuza uso kwenye ndoo zake. Mama alimbembeleza, mimi nilimgombeza. Nilimwambia hana haya, kwamba amepewa heshima anaikalia. Alinijibu mara moja tu, tukiwa tunaanika mihogo.

"Dada, siku nitakayoitika Anselmo, mjomba atakuwa amekufa kweli."

Nikaendelea kuanika.

Mwaka ulipokaribia kwisha, mama aliniambia nimpeleke Masasi. Tukashuka na basi la asubuhi, mama kanishika mkono njia nzima, na ile milima ya mawe ya Masasi ikatokea mbele yetu yenye kivuli cha bluu, kama kitu ulichokiona ndotoni ukakisahau. Nurdini tulimkuta dukani anapanga minyororo ya baiskeli. Alitupa viti, akaagiza chai.

"Shikamoo, Baba Ashiru," nikamwamkia kwa jina la mwanawe.

"Marahaba, mwanangu. Mama Veridiana, pole na safari."

Mama hakuzunguka. "Baba Ashiru, mwezi ujao ni sala ya mwaka ya mtani wako. Njoo umalize kazi yako. Mimi silali."

Nurdini alifuta mafuta vidoleni kwa kitambaa. Alionekana mzee kuliko siku ya maziko. "Nilimwambia mwenyewe," akasema. "Mkono auombe yeye. Akiuomba, nitakuja na makelele yangu yote."

"Lakini amekufa, mzee wangu!" nikadakia. Sikuweza kujizuia.

"Aliyekufa nani? Si mlimrithisha jina mbele za watu? Anselmo yuko Newala anagawa maji. Mwambieni aje." Na macho yake yalijaa machozi, akainama kwenye minyororo yake. Ndipo nilipoelewa kwamba na yeye halali.

Tuliporudi nilimweleza Optatus neno kwa neno. Alisikiliza hadi mwisho, akasema mwezi ule ule kuna mashindano Masasi, na atakayeshinda ataiwakilisha kanda Dodoma. Nilitaka kumpiga na mwiko. Mimi nazungumzia usingizi wa mama, yeye anazungumzia Dodoma. Lakini nilimtazama vizuri nikaona hakuwa anakwepa. Alikuwa ananiambia kitu anachokitaka. Tangu utotoni ndugu yangu hakuwahi kutaka kitu mbele yangu, na hiki alikitaka kwa jina lake, Optatus, lililoandikwa na pointi zake kando. Hapo hasira ikaniisha, nikabaki na huruma tu, na huruma inachosha kuliko hasira.

Mashindano yalifanyika kwenye bwalo la shule moja Masasi. Mama aling'ang'ania kuja. Alilikunja lile koti la kahawia akalitia kwenye kikapu, na asubuhi kabla ya raundi ya mwisho akamnyooshea Optatus. Optatus akatikisa kichwa. Mama akalirudisha kikapuni.

Raundi ile ilikuwa Optatus na Nurdini. Hakuna aliyepanga, pointi zao ndizo zilizowakutanisha. Optatus akishinda anakwenda Dodoma. Sare haimtoshi. Mwamuzi, kijana anayeitwa Gasper aliyetoka Dar es Salaam na shati lililopigwa pasi kama bahasha, alitueleza hayo watazamaji, akatuomba tusiongee wala simu zisilie.

Optatus alisimama mzee alipofika mezani. "Shikamoo, Mzee Nurdini."

Nurdini hakusema marahaba. Mtu haamkiwi na rika lake. Alivuta kiti akakaa. "Habari za kwako, Anselmo?"

"Naitwa Optatus."

"Naomba kimya," akasema Gasper.

Wakaanza. Mimi na mama tulikaa ukutani. Sataranji ukiutazama kwa mbali hakuna kinachotokea. Mtu ananyanyua mkono, anaushusha, anabonyeza saa. Nje jua lilikuwa kali, ndani feni moja ilizunguka kwa uvivu, na mimi nikaanza kusikia vichwa vya watu vinafikiri, kama nyuki walio mbali. Sijui kama nilisinzia. Nilimwona ndugu yangu amekaa katikati ya ndoo zake, ukungu umemfika kifuani, na mkono unaotembea hewani haukuwa wake. Nilipopepesa macho ulikuwa mkono wa Optatus tena. Lakini lile bega la kulia lilikuwa limetangulia mbele, na hivyo ndivyo alivyokuwa akikaa mjomba.

Kete zilipungua. Baadaye sana Optatus alinionyesha nyumbani kwa kunde na punje za mahindi jinsi mambo yalivyokuwa. Kila mmoja alibaki na mfalme na ngome na askari wachache, ila yeye alikuwa na askari mmoja zaidi. Askari yule akifika mwisho wa ubao anageuka malkia, na hapo mchezo umekwisha. Kazi ilikuwa ndefu lakini haikuwa ngumu. Hata mimi nisiyejua nilijua, kwa sababu Nurdini alikuwa amevua kofia yake anaikunja na kuikunjua.

Optatus akainua kichwa. Hakumtazama Nurdini, alimtazama mama. Mama alikuwa amekaa wima na kikapu mapajani, macho mekundu, yanaona na hayaoni. Optatus alimtazama kwa muda mrefu. Saa yake ilikuwa inakwenda, tarakimu zinapungua, na mimi moyoni nikawa napiga kelele, sijui namwambia acheze au aache.

Akasogeza ngome yake. Kabla hajabonyeza saa akanyoosha mkono juu ya ubao.

"Sare, mtani wangu."

Sauti ilikuwa yake. Maneno hayakuwa yake. Mama aliyasikia, akakamata ukindu wa kikapu. Dodoma ilikuwa ndani ya mkono ule, na usingizi wa mama pia, na kila aliyekuwepo siku ile Newala aliukumbuka mkono mwingine. Optatus akabonyeza saa kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia akauacha palepale.

Nurdini aliutazama. Akauacha hewani.

Aliuacha mpaka watu ukutani wakaanza kutazamana. Kisha akachukua ngome yake, akaisogeza chumba kimoja, akabonyeza saa. Katika sheria yao, ukicheza umekataa.

Nilisimama. Naapa nilikuwa nakwenda kumpokonya yule mzee kofia na kumpiga nayo. Mama ameomba, mtoto ameomba, Dodoma imetupwa, na yeye bado analipiza! Lakini mama alinivuta kitenge.

"Kaa," akaninong'oneza. "Veridiana, kaa chini. Anamtania."

Nikamgeukia. Mama yangu alikuwa anacheka. Alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge, mabega yanamtikisika, na machozi yanamtoka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu maziko. Nikakaa.

Optatus naye aliurudisha mkono wake taratibu, akautazama kama kitu alichookota njiani, na akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Sisemi lilikuwa tabasamu la nani.

Waliendelea. Wakafuatana ubaoni kama watu wawili wanaosindikizana, huyu anamfikisha huyu kwake, na huyu anamrudisha. Yule askari wa ziada akaliwa. Nimemuuliza Optatus mara nyingi kama alimwachia, na kila mara ananiambia alikuwa anaota. Ngome zikalana. Askari wa mwisho akaliwa na mfalme mwenyewe. Ubao mzima ukabaki na wafalme wawili, mweupe na mweusi, kila mmoja peke yake kwenye shamba tupu, na hakuna anayeweza kumdhuru mwenzake hata wakicheza mpaka masika.

Gasper akaja akatazama. "Sare kisheria. Hongereni. Mpeane mikono, msaini."

Hakuna aliyetoa mkono. Walikaa wanatazamana. Kisha Nurdini akavuta pumzi kutoka tumboni, na bwalo zima likasikia.

"Mmakonde mla panya wewe! Umekufa umekauka bado unaniganda ubaoni! Hata huko ulikokwenda wamekuchoka wamekurudisha!"

Gasper aliruka kama aliyemwagiwa maji. Watu wa Masasi na Newala waliokuwa ukutani wakaanza kucheka, kwanza mmoja, kisha wote. Nurdini akanyakua mfalme mweupe, kete ya ndugu yangu, akamtia mfukoni mwa shati, akafunga kifungo.

"Mzee, rudisha kete," akasema Gasper. "Hiyo ni mali ya chama."

"Hii ni maiti. Harudi mpaka akombolewe."

"Akombolewe na nani?"

"Mwenyewe. Anselmo aje amfuate kaburini kwake, siku ya sala." Akavaa kofia yake, akapita mbele yetu, na alipomfikia mama akasimama. "Mama Veridiana, upike wali. Mihogo yenu sili."

Mama akamtukana tusi la utani ambalo siwezi kuliandika hapa, na Nurdini akatoka anacheka. Mimi nikabaki kumwahidi Gasper kwamba kete itarudi. Kijana wa watu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa meza, ameushika ubao usio na mfalme, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumweleza. Aliyekwenda Dodoma alikuwa mwalimu mmoja wa Nachingwea. Njiani kurudi Optatus alitazama dirishani mpaka tukamaliza kupanda mlima, na mimi kwa mara ya kwanza sikumwuliza anaota nini.

Sala ya mwaka ilianguka wakati mikorosho imechanua. Mnyambe yote ilinukia ule utamu unaokata kidogo puani, na ukungu wa asubuhi ulichelewa kuondoka, ukabaki kati ya miti kama watu waliofika mapema. Tulikuwa kaburini na katekista, tumetandika mikeka. Mama alikaa ameegemea mkorosho. Usiku ule pia hakulala. Optatus alisimama mbali kidogo, koti la kahawia mkononi. Mama hakumwambia alibebe.

Kwanza tulisikia sauti. "Mkorosho huu nani kaupogoa hivi? Hamna macho?" Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mjomba kila alipopita shambani. Kisha akatokea kwenye ukungu, bega la kulia mbele, mikono nyuma, anasimama kila mti akiugombeza. Alikuwa Nurdini, lakini mwendo ulikuwa wa marehemu mtupu. Watoto wa mjomba walipiga mayowe, wakacheka, wakalia. Alikuja mpaka kaburini, akautazama msalaba, akasema, "Nani kaandika jina langu hapa?" Kisha akajilaza juu ya udongo, na kofia yake na shati lake safi, akafumba macho.

"Hapa hapasaliwi," akasema.

Katekista, mtu wa huku huku, alifunga kitabu akangoja.

Tulimletea jogoo. Akafumbua jicho moja, akasema jogoo huyo ana umbo la mama yangu, akakataa. Tulimletea kitenge. Akakataa. Mama akamnyunyizia unga wa mtama usoni, mzee akapiga chafya, akakataa. Akafungua kifungo cha mfuko, akamtoa yule mfalme mweupe, akamsimamisha kifuani pake.

"Nilisema aje mwenyewe." Sauti yake ilikuwa imebadilika. Haikuwa ya mjomba sasa, ilikuwa yake, na ilikuwa imechoka. "Anselmo!"

Nyuki walikuwa kwenye maua juu yetu.

"Anselmo!"

Nilimwona Optatus akivaa koti. Alivaa polepole, mkono mmoja, kisha wa pili, na mikono ya koti haikumfika viganjani, maana mjomba alikuwa mfupi. Nilitaka kumwambia asubiri. Ghafla sikutaka aitike, mimi niliyemgombeza mwaka mzima. Nilitaka abaki na ndoo zake, na mjomba abaki mahali fulani kwenye ukungu akigombeza miti.

"Anselmo!"

"Naam," akasema ndugu yangu.

Akatembea mpaka kaburini, akapiga magoti. Alikuwa analia kama mtoto, bila kujificha. Nurdini akaketi, vumbi mgongoni, unga kwenye ndevu, akanyoosha mkono. Optatus akanyoosha wake. Hapakuwa na aliyemwacha mwenzake. Walishikana, na yule mfalme akabaki katikati ya viganja vyao, na Nurdini akainama juu ya mikono ile akalia, na safari hii hakuwa akiigiza.

"Umechelewa, mtani wangu," akasema.

"Nimechelewa," akajibu Anselmo.

Mjomba wangu alikufa siku ile. Nililia mpaka kifua kikauma, kisha nikageuka kumtafuta mama ili aanze kunyunyiza unga kaburini, maana kwetu hiyo ni kazi ya dada wa marehemu.

Alikuwa ameegemea mkorosho, kichwa kimeangukia begani, mdomo wazi. Maua yamemdondokea kwenye kitenge. Alikuwa anakoroma.

Nilinyoosha mkono nimwamshe, na Nurdini akanizuia kwa kidole. Katekista akafungua kitabu tena. Alisoma kwa sauti ya chini, nasi tukaitikia kwa sauti ya chini, mpaka mwisho.